Mawe ya Baridi na Uzi wa Versie

Mama yangu hakuwa na mali ya kurithisha. Alipofariki tuligawana vyombo na mablanketi ya viraka, na mimi nikapata lile kaango la chuma, kwa sababu mdogo wangu Versie alikuwa Ohio na alisema kule watu wanapikia vyombo vyepesi. Lakini kitu kimoja mama alikuwa amenipa zamani, nikiwa na miaka tisa, na hakikuwa cha kugawana. Kilikuwa mahali.

Upande wa kaskazini wa mlima wetu, chini ya genge, kuna lundo la mawe makubwa lililoporomoka kabla hajafika mtu huku. Katikati ya Julai, jua likichoma mgongo, ukiingiza mkono kati ya mawe hayo unakutana na pumzi ya baridi kama ya Januari. Ukiuingiza hadi begani, unagusa barafu. Siku ambazo umeme ulikuwa haujapanda bondeni kwetu, mama aliweka siagi na maziwa pale ndani ya mitungi ya kioo, na maziwa yalikaa siku tano bila kuchacha. Kuzunguka mawe kuna ua dogo la rangi ya waridi, kengele mbili juu ya shina moja. Halioti popote pengine katika milima yetu, maana ni ua la nchi za theluji. Mama aliliita madada.

"Sikiliza, Orlena," aliniambia siku ile ya kwanza, mtungi wa maziwa kwapani. "Usitengeneze njia. Ukija kwa huku, rudi kwa kule. Kesho pita juu, keshokutwa pita kijitoni. Mguu wa mtu ukishazoea, na wa pili unafuata, na wa tatu anakuja na koleo. Na usimwambie mtu."

"Hata Versie?"

"Versie mdomo wake ni kikapu, haukai na maji. Hata Versie."

Nilikaa na neno hilo miaka hamsini na mitano. Hata marehemu mume wangu Clell hakujua. Akinishika mkono mezani alikuwa akishtuka: "Mama we, unatoka wapi na vidole vya maiti mwezi wa saba?" Nami nilijibu, "Natoka kuzungumza na Mungu." Haukuwa uongo. Pale ndipo nilipokuwa nikisali.

Versie alirudi nyumbani baada ya miaka thelathini na minane ya kiwanda cha matairi kule Akron. Alikuja na gari dogo la bluu, goti bovu, na sweta jekundu alilolifuma mwenyewe. Akapanga nyumba karibu na posta. Mimi nilifurahi mno. Watoto wangu wako mbali, Clell yuko kaburini, na mtu anayeweza kuniita "dada" na kunikumbusha jinsi nilivyokuwa nikianguka kutoka kwenye mti wa mpera-pori alibaki huyo mmoja tu.

Mwezi wa nne alikuja kwangu na wazo.

"Dada, mimi nimezeeka nikitazama moshi. Sasa nataka kuiona milima yangu. Sitaki ile ya kwenye kalenda, ile kila mtu ameiona. Nataka vile vitu vidogo vidogo alivyokuwa akisimulia babu. Wewe unavijua vyote. Gari ninalo. Petroli juu yangu, chakula juu yako."

"Na goti?"

"Goti litakaa kwenye gari likitusubiri."

Basi kila Jumamosi tulisafiri. Tulikwenda kwenye kijito kinachoingia chini ya mlima na kutokea bonde la pili. Tulitupa magunzi matatu ya mahindi upande huu, tukazunguka kwa gari, tukakaa kula kuku kwa saa nzima, na kweli magunzi yakatoka upande wa pili moja baada ya jingine. Versie alipiga makofi kama mtoto. Tulikwenda kwenye jiwe lenye tundu ambalo upepo wa magharibi ukipita linalia kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Na tulikwenda kwa mzee Okey Ratliff, mwenye chemchemi inayopumua. Maji yake yanajaa, yanafurika, halafu yanarudi chini kwa sauti ya koo linalomeza.

Tulimkuta mzee Okey amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Inakuja kila baada ya dakika arobaini," alisema. "Leo imechelewa. Imesikia mmekuja bila kitu cha kula."

"Tumeleta keki ya matufaha makavu," nikasema.

"Aha, hebu sikia!" Na kweli, maji yakaanza kupanda kwenye mawe yenye kuvu, polepole, hadi yakalowesha viatu vya Versie. "Mnaona? Hii chemchemi ni mlafi kuliko mchungaji."

Versie alicheka, lakini alikuwa ameshatoa daftari. Alikuwa nalo kila safari. Alihesabu dakika, alihesabu hatua kutoka barabarani, aliuliza zizi la nani liko karibu.

"Unaandika nini, binti?" Okey alimuuliza.

"Kumbukumbu tu. Kichwa changu siku hizi ni ungo."

"Andika, lakini shamba langu usilitaje. Nina mbwa mmoja tu, na yeye anapenda wageni."

Sote watatu tulicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu nimekirudia moyoni mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo sauti ya Versie ilikatika. Haikukatika. Alicheka vizuri kabisa.

Mwisho wa Juni tulikuwa jikoni kwangu, tunakula maharage na mkate wa mahindi. Versie aliuvunja mkate wake kwenye glasi ya mtindi kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, akakoroga, hakula.

"Dada, nikuulize kitu. Mama alikuwa akienda na wewe wapi?"

"Wapi, lini?"

"Usinifanye mjinga. Mlikuwa mkiondoka na mtungi wa maziwa, mnarudi mikono mitupu. Mimi naachiwa beseni la maharage nichambue. Nimechambua maharage utoto wangu wote, Orlena. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi, nawaangalia migongo yenu hadi mnaingia msituni. Siku moja niliwafuata, mama akanirudisha kwa fimbo."

Hilo sikulijua.

"Sikulaumu wewe," alisema. "Ila mama amekufa, na mimi nina miaka hamsini na tisa, na bado niko kwenye zile ngazi."

Siku tatu niliomba juu ya jambo hilo. Niliamka mapema, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikasema, Bwana, mama alinikataza, lakini huyu naye ni mtoto wake. Siku ya tatu nilisikia utulivu moyoni, nikauita jibu. Sasa najua kwamba utulivu ule huenda haukuwa jibu. Huenda ilikuwa hamu yangu tu ya kuwa na ndugu.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia achukue kitu cha joto. Alicheka: "Mwezi wa saba?" Nikamwambia, chukua tu. Akalifunga lile sweta jekundu kiunoni.

Kwetu, watu wawili wakienda mahali pasipotakiwa kujulikana, hawafuatani. Kila mmoja anapita kwake, umbali wa kusikiana, ili majani yalale kidogo na kuinuka tena. Watu wanaochimba mizizi ya dawa msituni hufanya hivyo, na mama alinizoesha hivyo hata tukienda wawili tu kuchuma matunda. Lakini Versie alisema goti lake linamwuma, hawezi kutafuta pa kukanyaga.

"Niache nipite nyuma yako, dada. Nikanyage ulipokanyaga. Mara hii moja."

Nikamwacha. Tulipanda taratibu, nikisikia pumzi yake nyuma yangu, akisimama kila mara kupumzika na kushika tawi. Mahali fulani niligeuka kumpa mkono, nikaona kipande cha uzi mwekundu kwenye tawi la kichaka, usawa wa bega.

"Sweta lako linafumuka," nikamwambia. Nikauchomoa uzi nikampa.

"Ah, kazi ya mikono yangu mibovu," akasema. "Asante, dada."

Mbele kidogo niliona mwingine. Huo niliutia kwenye mfuko wa aproni yangu bila kusema neno, nikafikiria kwamba jioni nitamshonea. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu nilikishika kwa vidole viwili nikakihurumia.

Tulipofika, nilimwonyesha tundu lenyewe, lile la mama, kati ya jiwe lenye mstari mweupe na jiwe lililoegemea kama mlango. Versie alipiga magoti kwa shida. Akaingiza mkono. Aliuingiza hadi begani, shavu lake likalala juu ya jiwe, akafumba macho.

"Kuna barafu," alinong'ona.

"Ndiyo."

"Mama alikuwa akiingiza mkono wake hapa hapa?"

"Hapo hapo."

Akalia. Nami nikalia. Nikamwonyesha madada, mashina sita tu yaliyokuwa bado na maua, nikamweleza jinsi mama alivyoyaita. Tulivaa masweta yetu tukakaa bega kwa bega katikati ya Julai, na pumzi zetu zikaonekana kama moshi karibu na tundu. Nilisali kwa sauti, nikamshukuru Mungu kwa kumrudisha mdogo wangu. Versie akasema amina.

Kisha akatoa simu yake apige picha.

"Versie."

"Ya kwangu tu, dada. Ya kuangalia nikiwa peke yangu. Naapa kwa..."

"Usiape."

"Basi. Ni yangu tu."

Nilimwamini, kwa sababu alikuwa na machozi shavuni na majani kwenye nywele, na kwa sababu alikuwa mdogo wangu.

Vuli ikapita, theluji ikaja ikaondoka. Versie alikuwa na shughuli nyingi wakati wa baridi, mikutano mjini, na Jumamosi zetu zikafa. Nilidhani ni goti. Mwezi wa tano, udongo ulipokauka, nilipanda kwenye mawe peke yangu kutoka upande wa mashariki, ambako sikuwa nimepita tangu siku ile na Versie.

Nilikuta njia.

Sikuielewa kwanza. Nilisimama nikaitazama kama mtu anavyotazama nyoka kabla ya kujua ni nyoka. Ilikuwa pana, watu wawili wangeweza kupita sambamba. Matawi yalikuwa yamekatwa. Na kila baada ya hatua ishirini, usawa wa bega, palikuwa na uzi. Mwekundu uliopauka kwa theluji na mvua, umefungwa fundo dogo safi, fundo la mtu anayejua kufuma.

Nilishika ule wa kwanza. Nikashika wa pili. Nikaenda kutoka uzi hadi uzi, nikikumbuka kila mahali aliposimama kupumzika na kushika tawi. Sweta halikuwa likifumuka. Alikuwa amekuja na uzi mfukoni.

Kwenye mawe palikuwa na watu wawili, kijana mmoja na mchumba wake, wenye adabu nzuri. Walikuwa wamegeuza mawe kama kumi ili waione barafu, na sasa ilikuwa wazi juani, ya kijivu, ikitiririka. Msichana alikuwa amechomeka ua sikioni. Kengele mbili, shina moja.

"Shikamoo, mama!" alisema. "Na wewe umekuja kuona? Maajabu, eti?"

"Mmepajuaje?"

"Kwenye karatasi. Zinatolewa bure pale kituo cha mafuta. Hatukujua kama kuna vitu hivi, yaani watu wanapita tu barabara kubwa wanaenda kwenye maporomoko." Akanipa yake. "Chukua, mama, sisi tumeshaona."

Ilikuwa karatasi nzuri ya kung'aa ya kamati ya wageni ya mjini, iliyokunjwa mara tatu, yenye ramani. Namba tatu ilikuwa chemchemi inayopumua, "karibu na shamba la Ratliff." Namba saba ilikuwa picha ya tundu la mama. Chini yake paliandikwa: Jokofu la Milimani. Barafu katikati ya kiangazi! Fuata nyuzi nyekundu. Mahali hapa pamegunduliwa na mwenyeji wetu Versie Estep.

Nilisoma neno lile mara nne. Pamegunduliwa.

Nilimwomba msichana ua lake. Alinipa mara moja, akaniuliza kama nahitaji maji.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Versie. Alikuwa akikata vibiskuti vya unga kwa mdomo wa glasi, unga hadi kwenye viwiko. Niliiweka karatasi mezani, juu yake nikaweka ua.

Aliviangalia. Hakujifanya haelewi, hilo nitamshuhudia.

"Nilikuwa nataka kukuambia," alisema.

"Ulikuwa unataka lini? Mimi nimewakuta watu wanaligeuza kaburi la mama yako wakitafuta barafu."

"Mama hakuzikwa pale, Orlena. Usikuze mambo."

"Kamati ya wageni ilikuuliza lini kuhusu hii karatasi?"

Akageuza glasi mkononi.

"Lini, Versie? Kabla hujaja kwangu na maneno ya kalenda, au baada?"

"Kabla," alisema. "Walitangaza kwenye kanisa la mjini, wanatafuta mtu mzaliwa wa hapa anayejua vitu visivyojulikana. Mimi nikasema ninavijua. Nikavijua wapi? Nimekuwa Akron. Nikasema, dada yangu anavijua."

"Kwa hiyo Jumamosi zote zile."

"Si zote! Yale magunzi, dada, nilifurahi kweli. Nilifurahi kila siku. Mtu hawezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja?"

"Ukalia pale. Ukasema amina kwenye sala yangu, uzi ukiwa mfukoni."

"Nililia kweli."

"Hilo ndilo linaloniumiza. Ungelia machozi ya uongo, ningejua la kufanya na wewe."

Akapiga glasi mezani, unga ukaruka. "Vile ni vitu vya Mungu! Nani alikupa wewe ufunguo? Watu wanatoka Columbus na Pittsburgh kuja kuona bonde ambalo kila mtu alilikimbia, na wewe unataka kukaa juu ya barafu kama kuku anayeatamia mayai!"

"Na hili neno? Pamegunduliwa na wewe? Mama yako yuko wapi kwenye karatasi hii? Umemwacha nje."

Akanitazama, macho yamejaa, akasema polepole:

"Mama aliniacha mimi nje ya mlima mzima."

Nilichukua ua langu nikatoka, na mlango wake wa wavu ukajibamiza nyuma yangu wenyewe.

Kiangazi kile chote niliwasikia wakipita. Magari yaliegeshwa hadi kwenye sanduku langu la barua. Mzee Okey alifunga lango lake kwa mnyororo, akaacha kunisalimia dukani. Aliamini tulikuwa wawili katika jambo lile, na sikuona namna ya kujitetea bila kumsema ndugu yangu. Katikati ya Julai nilipanda kwenye mawe siku ya mvua, wakati hakuna mtu. Niliingiza mkono hadi begani, nikalaza shavu juu ya jiwe. Pumzi ilikuwa bado inatoka, lakini ilikuwa pumzi ya ghala la viazi, ya ubaridi tu. Nilitafuta barafu kwa ncha za vidole. Niligusa tope. Ua halikuwepo hata moja.

Pale chini nilisali vibaya. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika. Nilimwambia pia kwamba mimi ndiye niliyefungua mlango, mimi niliyeambiwa hata Versie, na kwamba kama kuna hukumu aanze na mimi.

Kanisani kwetu tunaoshana miguu mara moja kwa mwaka, Jumapili ya tatu ya Agosti, baada ya mkate na divai. Wanaume upande wao, wanawake upande wetu. Hakuna anayepangiwa wa kumwosha. Ukishika taulo unajifunga kiunoni, unachukua beseni, unakwenda kwa unayemchagua, na kanisa zima linaona umekwenda kwa nani. Mwenye neno na mwenzake anatakiwa aende kwa huyo huyo. Akimaliza kumwosha, mwenzake huuliza, "Umenisamehe?" naye hujibu, "Nimekusamehe," wanakumbatiana, watu wanaimba. Miaka arobaini na mmoja sijawahi kukosa meza ile. Na tangu Versie arudi, alikuwa akija kwetu siku hiyo, kwa sababu ndilo kanisa alilobatiziwa, mtoni, mwaka mmoja na mimi.

Wiki ile nilifikiri kubaki nyumbani. Kisha nikasema, nikibaki nitakuwa nimepoteza na hili.

Alikuwa amekaa mwisho wa benchi karibu na mlango, kama mgeni. Kaka Arvil, mzee wetu wa kanisa, aliketi akanyamaza kama inavyotakiwa. Kina mama waliinuka mmoja mmoja. Taulo lilipofika kwangu, nililifunga. Nikachukua beseni. Nilipita benchi mbili, nikasikia minong'ono ikikatika, maana kila mtu alijua.

Versie alikuwa ameshavua soksi. Nilipiga magoti mbele yake, magoti yangu yakalia kama kuni kavu.

"Polepole, dada," alinong'ona. "Goti moja bovu linatosha kwenye ukoo."

Sikucheka, ingawa mtu wa nyuma alicheka. Niliutia mguu wake wa kushoto majini. Kidole chake kidogo kimepinda. Mimi ndiye niliyekiangushia ndoo tukiwa watoto, akamwambia mama amejikwaa ili nisichapwe. Nilikuwa nimesahau. Nilikiosha. Nikaosha mguu wa kulia. Nikaikausha yote miwili, katikati ya vidole, kama inavyotakiwa.

Alikuwa analia. Akauliza kwa sauti ya kusikika, kwa sababu ndivyo inavyoulizwa:

"Umenisamehe, Orlena?"

Kanisa zima lilikuwa linangoja. Neno lenyewe ni fupi. Nilikuwa nimeshalisikia likisemwa miaka arobaini na mmoja, na mara nyingine nilijua halikuwa kweli, na watu waliimba vilevile.

"Bado," nikasema. "Nimekuosha kwa sababu nimeamriwa. Hilo lingine naliomba kila asubuhi. Halijaja."

Hakuna aliyeimba. Kaka Arvil aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba la mvua nje.

Nilifungua taulo kiunoni nimpe, maana sasa ni zamu yake. Lakini kwanza nilitia mkono mfukoni. Uzi ule wa pili ulikuwa umekaa kwenye aproni yangu mwaka mzima, na asubuhi ile nilikuwa nimeuhamishia kwenye gauni la kanisani. Niliuweka juu ya taulo, nikampa vyote pamoja.

Aliutambua. Aliukunja ndani ya kiganja, akafunga ngumi, akabaki hivyo. Kisha akajifunga taulo, akapiga magoti kwenye lile goti lake bovu, akaanza kufungua kamba za viatu vyangu. Mikono yake ilikuwa ya moto. Nilimwacha anioshe, macho yangu yakiwa kwenye mbao za ukuta mbele yangu.

Huo ni mwaka wa pili sasa. Karatasi za kung'aa bado zipo kituo cha mafuta. Mimi hupanda siku za mvua, nikirudisha mawe mahali pake, nikijaza majani kwenye mianya ili baridi ya Januari ikiingia isipate pa kutokea. Njia iliyozoeleka inahitaji miaka saba bila mguu wa mtu ndipo ifunge. Nina miaka sitini na sita. Namwomba Mungu hiyo saba.

Mwezi uliopita nilifika juu ya genge nikasikia kitu kikiburutwa chini. Nikachungulia. Alikuwa Versie, peke yake, amelowa, anaburuta tawi lililoanguka na kulilaza kukatiza njia. Alikuwa ameshalaza mengi. Alisimama, akashika goti, akafungua fundo la uzi kwenye kichaka, akautia mfukoni, akaenda kutafuta tawi jingine. Alipita kwenye njia ile ile aliyokuwa akiifunga, hatua baada ya hatua, kwa sababu hajui kupita kwingine. Hakuna aliyemfundisha.

Nilisimama pale hadi mvua ikaingia shingoni. Jina lake lilinifika kwenye ulimi. Kisha nikageuka nikateremka kwa upande mwingine, nikikanyaga mahali ambapo sikuwahi kukanyaga, majani yakiinuka nyuma yangu.